Kuskani negativu za zamani hadi picha itoke karatasini

Kopo lilikuwa la biskuti, kutu imeshika mdomoni, na mjomba alilifungua kwa mpini wa kijiko. Ndani mlikuwa na negativu za miaka yote aliyokuwa na studio Majengo, hapa Mtwara mjini. Nyingine zilikuwa kwenye bahasha za kaki, nyingine zimerundikwa hivyo hivyo, zimeshikana kama magamba ya samaki. Nilichomoa moja nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha: mwanamke mwenye uso mweupe na meno meusi.

"Bibi yako huyo," mjomba akasema. "Siku mama yako mdogo alipotolewa mwali."

Picha yenyewe ilishapotea zamani, imebaki negativu tu. Niliiskani usiku ule ule. Nikachagua namba kubwa kuliko zote kwenye programu, 9600, nikaenda kula. Niliporudi, faili lilikuwa zito hadi kompyuta ikagoma kulifungua. Nilipofanikiwa kulichapa kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 10, sura ya bibi ilikuwa laini kama imepigwa kupitia chandarua, na juu ya paji la uso wake kulikuwa na unywele mmoja mnene kama kamba ya jahazi.

Lile kopo sasa nimelimaliza, na makopo ya jirani wawili watatu pia. Nieleze jinsi ninavyofanya, kwa mpangilio ninaoufuata, ili wewe usipoteze karatasi nilizopoteza mimi. Nikwambie mapema kabisa: huku pwani ya kusini, skana si tatizo kubwa. Tatizo ni unyevu, vumbi na haraka.

Anza na karatasi

Kabla hujauliza dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa kila inchi ya filamu, jiulize picha itachapwa kwa ukubwa gani. Ukiwa na jibu hilo, namba nyingine zinajipanga zenyewe.

Fremu moja ya filamu ya milimita 35, ile ya mikanda ya picha 24 au 36 tuliyoizoea, ina urefu wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Upande mrefu, kwa maneno mengine, ni inchi 1.4 hivi. Picha ya kushikwa mkononi inapendeza ikiwa na nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Sasa piga hesabu. Ukiskani kwa 2400 dpi, upande mrefu unapata pikseli 3400 na mfupi karibu 2270. Gawa kwa 300: inchi 11.3 kwa 7.6. Hiyo ni karibu A4, na 8 kwa 10 inatoka bila wasiwasi. Kwa 5 kwa 7, hata 1600 dpi inakutosha.

Ukitaka A3 ya ukutani kwa kipimo kile kile cha nukta 300, unahitaji karibu 3700 dpi. Lakini nani anasogeza pua kwenye picha ya ukutani? Nukta 240 zinatosha, na hapo 3000 dpi inakufikisha. Ikiwa negativu zako ni zile pana za filamu ya 120, za mraba, umebahatika. Upande mmoja una milimita 56 hivi, kwa hiyo 2400 dpi inakupa pikseli 5300, sawa na zaidi ya inchi 17 za karatasi. Picha nyingi za mjomba za rangi nyeusi na nyeupe ni za aina hii, na ndizo zinazochapika vizuri kuliko zote, ingawa ni za zamani zaidi.

Halafu kuna namba ya kwenye boksi. Hiyo ni ya kuuzia. Skana bapa, ile ya kulaza kitu juu ya kioo, kama Epson Perfection V600 imeandikwa 6400, lakini uwezo halisi wa lenzi yake ni kama 1500 au 1600. V850, ambayo ni ghali zaidi, inafika 2300 hivi. Kinachozidi hapo ni pikseli zinazojaza faili bila kuongeza unyoya hata mmoja wa kope. Ndiyo maana bibi yangu wa 9600 alikuwa laini: nilinunua uzito, sikununua undani. Kwa skana bapa mimi huweka 2400 au 3200, basi. Faili la 2400 lenye biti 16 kwa kila rangi lina takriban MB 46. Kwa 4000 ni karibu MB 130, na mkanda mzima wa picha 36 utakula zaidi ya GB 4. Hesabu nafasi ya diski kabla hujaanza.

Soma ukingo

Washa taa, weka karatasi nyeupe, angalia filamu. Ikiwa msingi wake ni wa rangi ya chungwa, ni negativu ya rangi. Ikiwa ni kijivu au angavu na picha imegeuzwa, ni nyeusi na nyeupe. Ikiwa unaona picha kwa rangi zake za kweli, ni slaidi. Pembeni utakuta jina la filamu na namba za fremu. Zinakili daftarini, kwa sababu namba hizo ndizo zitakazokuwa jina la faili. Mimi huandika kopo, kipande na fremu: K1-07-22A. Inachosha siku ya kwanza. Siku mama mkubwa atakapotaka "ile picha ya harusi, niliyovaa miwani", utashukuru.

Jambo lingine la kuangalia ni upande. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia kidogo, ambao ndio wenye dawa. Maandishi ya ukingoni yakisomeka sawasawa, upande unaong'aa ndio unaokuangalia. Usiguse upande wa dawa. Mikwaruzo ya upande wa pili mara nyingine hufichika, ya upande huu inaondoa picha yenyewe.

Unyevu

Hapa nitakaa kidogo.

Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, na katika miezi hiyo kila kitu ndani ya nyumba kinalowa kimya kimya: chumvi inashikana koponi, viatu vya ngozi vinaota ukungu mweupe. Dawa ya filamu imetengenezwa kwa jelatini, kitu kinachotokana na mifupa na ngozi za wanyama, na kwa fangasi hicho ni chakula. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 au 65 kwa muda mrefu, fangasi anaanza kula. Utamwona kama utando wa buibui au matawi madogo kwenye filamu ukiitazama kwa kuiinamisha mwangani.

Kwa hiyo kazi ya kufungua na kusafisha makopo naifanya kuanzia Juni, upepo wa kusi ukishashika na hewa ikishakauka. Januari siligusi kopo kama sina sababu.

Ukikuta fangasi, usioshe filamu kwa maji. Pale alipokula, jelatini imelegea na inayeyuka majini. Nimeona fremu nzima ikiteleza na kubaki plastiki tupu kwenye beseni, watu watatu waliosimama mbele ya Boma la Mikindani wakaondoka kama uji. Tumia alkoholi ya aisopropili yenye nguvu ya asilimia 99, kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Jaribu kwanza kwenye fremu ya mwanzo wa mkanda isiyo na picha. Futa kwa mwelekeo mmoja bila kukandamiza, dirisha wazi, moto mbali. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi mno, na spiriti ya buluu ina rangi, iache huko huko.

Negativu zilizoshikana usizibandue kwa nguvu. Kama hazina fangasi, unaweza kuziloweka kwenye maji yasiyo na madini hadi zenyewe ziachane, kisha zining'inize kwa kibanio zikauke. Maji ya kisima hapa kwetu yanaacha alama za chumvi. Ya kufaa ni yale yanayouzwa kujazia betri, lakini soma chupa mara mbili, kwani kuna chupa zinazofanana nazo ambazo ndani ni asidi. Anza na kipande ambacho hata kikiharibika hutalia.

Filamu ikinuka siki, msingi wake wa asetati umeanza kuoza. Itajikunja, itasinyaa, na haitapona. Itenge na nyingine, maana mvuke wake huharakisha kuoza kwa jirani zake, na iskani wiki hii hii.

Feni

Joto la Mtwara linakwambia uwashe feni. Usiwashe. Feni ya dari inakusanya vumbi la mwezi mzima juu ya mapanga yake, na ukiiwasha unalinyunyiza juu ya filamu. Mimi huskani alfajiri, baada ya swala, kabla jua halijapanda na kabla bodaboda hazijaanza kutimua mchanga wa barabarani. Usiku wa kuamkia, napiga deki sakafu na kuacha madirisha yamefungwa. Shati la pamba linalotoa nyuzi nalivua.

Kisha napuliza. Si kwa mdomo, kwani mdomo una mate. Kuna pampu ya mpira ya kupulizia lenzi. Ukikosa, ile pampu ndogo ya kuoshea masikio, ikiwa mpya na kavu, inafanya kazi. Puliza upande mmoja, geuza, puliza upande wa pili, puliza na kioo cha skana. Dakika moja ya kupuliza inaokoa dakika 20 za kufuta madoa kwenye kompyuta. Nimezipima.

Kwa skana bapa

Hakikisha skana yako ina taa kwenye mfuniko. Skana ya ofisini ya kunakili vyeti inamulika kutoka chini tu, haiwezi kusoma filamu hata ukiibembeleza.

Weka filamu kwenye fremu yake ya plastiki, upande ambao maelekezo ya mashine yanasema, na uhakikishe imelala bapa. Filamu iliyojikunja ndiyo chanzo kikubwa cha picha kutokuwa kali, kuliko lenzi, kuliko dpi. Iweke kwanza chini ya kitabu kizito kwa siku chache, ndani ya bahasha safi. Usiilaze moja kwa moja juu ya kioo ukidhani unasaidia: upande unaong'aa ukigusana na kioo hutokea miviringo ya rangi kama mafuta juu ya maji, na haifutiki kirahisi. Baadhi ya fremu hizo za plastiki zina miguu ya kupandisha na kushusha kidogo kidogo. Skani picha moja kwa kila kimo, linganisha nywele au maandishi, chagua kimo kilicho kali, kisha usikiguse tena.

Kwenye programu, iwe ya mashine yenyewe, VueScan au SilverFast, fanya haya. Zima kila kinachojiita otomatiki. Zima kunoa, yaani kuongeza ukali wa picha. Chagua biti 48 kwa picha za rangi, yaani 16 kwa kila moja ya rangi tatu, au 16 kwa nyeusi na nyeupe. Hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza undani. Fungua histogramu, ile chati ya vilima, uvute alama za mwisho ziwe nje kidogo ya mlima, kulia na kushoto. Ukiziingiza ndani ya mlima, unakata. Kanzu nyeupe itaungua iwe karatasi tupu, na suti nyeusi itakuwa shimo. Skani inayotoka hapo itaonekana imepooza, haina nguvu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, nguvu utaiongeza baadaye.

Kuna kitu kinaitwa Digital ICE, kinachofuta vumbi kwa kutumia miale ya infraredi. Miale hiyo inapita kwenye rangi za filamu kama hakuna kitu, lakini vumbi na mikwaruzo inaizuia, kwa hiyo mashine inajua palipo na uchafu na kuujaza. Kwa negativu za rangi ni neema. Kwa filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe usithubutu. Picha yake ni fedha halisi, nayo fedha inazuia miale vile vile, basi mashine itaona uso wa mtu mzima kuwa ni uchafu. Slaidi za Kodachrome pia huisumbua.

Kwa kamera

Ukiwa na kamera ya kubadilisha lenzi, hata iliyotumika, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa milimita 35. Sensa ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Fremu ikijaa kwenye picha, hiyo ni zaidi ya 4200 dpi, na ni za kweli, mradi lenzi ni nzuri. Skana za filamu peke yake, kama za Plustek, nazo ni nzuri na zinazidi 3000 za kweli, ila ni za polepole.

Unahitaji lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, stendi inayosimama imara, na kibao cha mwanga wa LED. Kibao kiwe chenye uaminifu wa rangi wa 95 au zaidi, namba hiyo huandikwa CRI. Taa za bei rahisi hukosa sehemu ya wekundu, na ngozi zetu ndizo zinazoumia kwanza. Nilianza kwa skrini ya simu nikapata picha yenye vitone kama chujio. Kama huna kingine, inua filamu sentimita kadhaa juu ya skrini na uweke plastiki nyeupe katikati. Hata na kibao kizuri, acha nafasi ya sentimita 2 au 3, ili vumbi la kibao lisionekane.

Kamera na filamu viwe sambamba kabisa. Fundi atakuletea pimamaji, lakini kuna njia bora. Weka kioo kidogo cha kujitazamia pale filamu itakapolala. Tazama kupitia kamera. Ukiona lenzi inajitazama yenyewe katikati kabisa ya picha, uko sawa. Ikiwa pembeni, sogeza hadi ije katikati. Kioo cha kunyolea kinatosha, ile sehemu isiyokuza.

Kata kadibodi nyeusi yenye tundu la ukubwa wa fremu, uzibe mwanga unaozunguka. Zima taa ya chumba. Weka ISO 100, tundu la lenzi f/8, lenga kwa mkono huku umekuza picha kwenye skrini mpaka uone punje za filamu zenyewe. Si macho ya mtu, punje. Tumia RAW, yaani faili ghafi la kamera, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise. Mwanga uwe mwingi kiasi ambacho histogramu inasogea kulia bila kugonga ukuta. Ukishapata kipimo, kifunge, na upige mkanda mzima bila kukibadilisha. Negativu za mkanda mmoja zikipigwa kwa kipimo kimoja, rangi utazirekebisha mara moja tu.

Acha ukingo mdogo wa filamu isiyo na picha uonekane. Sababu ni hii hapa.

Kugeuza rangi

Ile rangi ya chungwa si uchafu wala uzee. Rangi za samawati na majenta zilizomo ndani ya filamu si safi kabisa, hunyonya mwanga usiowahusu, na watengenezaji waliweka rangi ya chungwa ili kusawazisha kosa hilo wakati wa kusafisha picha kwenye karatasi. Kompyuta lazima iiondoe kwanza, ndipo igeuze. Ukigeuza tu bila kuiondoa, utapata dunia ya buluu.

Programu ya darktable ni ya bure na tangu 2020 ina sehemu iitwayo negadoctor. Unaigusisha kwenye ule ukingo ulioacha, inasoma rangi ya msingi, kisha unarekebisha mwanga wa chini na wa juu. Wengine hutumia Negative Lab Pro ndani ya Lightroom, ya kulipia. Zote zinafika.

Usiiamini programu kuhusu ngozi. Ukiiachia yenyewe, mara nyingi hutaka kila uso uwe na mwanga wa katikati, kwa hiyo watu weusi huwafanya wa kijivu, au wekundu kama matofali. Mimi hutafuta kwanza kitu kinachotakiwa kuwa cheupe au kijivu bila rangi: ukuta wa chokaa, barabara ya lami, sufuria ya bati. Nilianza na kanzu, nikakosea sana, mpaka mama akacheka: "Mwanangu, siku zile kanzu tulifua kwa bluu." Kweli, kanzu ya sikukuu haikuwa nyeupe, ilikuwa na kabuluu kake ka makusudi, na mimi nilikuwa nageuza waumini wote wa Idi kuwa wa manjano. Baada ya kijivu, angalia kanga. Kama kanga ile ile bado iko sandukuni, itoe uilete kando ya kompyuta. Hakuna kipimo kizuri zaidi.

Nyuso nyeusi zina mwanga wake: kwenye paji la uso, kwenye shavu, kando ya pua. Usizipandishe zote ziwe peupe. Acha kivuli kiwe kivuli na ule mng'ao ubaki, picha itapumua.

Kufuta na kunoa

Kuza hadi asilimia 100, anza kona ya juu kushoto, shuka kama unavyolima tuta kwa tuta. Futa madoa kwenye uso, anga na ukuta mtupu. Kwenye mchanga na majani usijisumbue. Makunyanzi na makovu si madoa. Niliwahi kumfuta mzee mmoja chale zake za Kimakonde nikidhani ni mikwaruzo, binti yake hakuzungumza na mimi hadi nilipochapa upya.

Kunoa huja mwisho kabisa, baada ya kupunguza picha ifikie ukubwa wa kuchapa. Noa kidogo zaidi ya inavyokupendeza kwenye skrini, kwani karatasi hunywa ukali kidogo. Punje za filamu zikianza kuonekana kama mchele, umezidisha.

Hifadhi TIFF kama mama wa faili. Tengeneza JPEG ya kupeleka kuchapwa. Nakala moja iwe kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Negativu zenyewe zirudishe kwenye bahasha za karatasi mpya zisizo na asidi, si mifuko ya nailoni ya sokoni, pamoja na vipakiti vya silika jeli kutoka kwenye maboksi ya viatu, ulivyovikausha kwa moto mdogo. Kopo lisikae juu ya friji, kuna joto, wala lisiegemee ukuta wa mawe ya matumbawe kama nyumba za Mikindani, ukuta huo unatoa jasho mwaka mzima.

Na kabla hujachapa, uliza. Kwenye makopo haya kuna picha za jando na unyago ambazo hazikupigwa ili kila mtu azione. Nilizipeleka kwanza kwa shangazi, akatenga nne, nikazifunga kwenye bahasha yake, sina nakala.

Kuchapa

JPEG iwe na rangi za sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi, isipokuwa mchapaji amekwambia vingine. Usitume kwa WhatsApp kama picha, inabanwa na undani mwingi unapotea. Itume kama hati, au peleka fleshi. Mwambie mchapaji azime urekebishaji wa mashine, maneno ya kawaida ni: "Chapa kama ilivyo, usiguse rangi."

Punguza mwanga wa skrini yako. Wengi tunarekebisha kwenye skrini inayowaka kama taa ya karabai, kisha tunashangaa karatasi imetoka giza. Weka karatasi nyeupe kando ya skrini chumbani kwako mchana, ushushe mwanga hadi vilingane.

Usichape A3 moja kwa moja. Kata vipande vitatu vya sura ile ile, kimoja kama kilivyo, kimoja chenye mwanga zaidi kidogo, kimoja zaidi tena, uvipange kwenye karatasi moja ya 5 kwa 7 na uchape hiyo kwanza. Ipeleke nje, uitazame kwenye kivuli cha mwembe, si juani wala chini ya taa ya duka. Mimi karibu kila mara nachagua cha pili. Karatasi ya kung'aa inapendeza siku ya kwanza, lakini huku kwetu inashika alama za vidole vyenye jasho na inagandana na kioo cha fremu. Matte, ile isiyong'aa, inavumilia.

Jambo la mwisho ni umbo. Fremu ya milimita 35 ni 3 kwa 2. Karatasi ya 8 kwa 10 si umbo hilo, kwa hiyo kitu lazima kikatwe, na studio za zamani zilikata bila kuuliza. Ukitaka negativu nzima, chapa 8 kwa 12.

Hivyo ndivyo nilivyoichapa ya bibi mara ya pili, 8 kwa 12, matte, kipande cha pili. Chini kabisa, kwenye mchanga mbele ya miguu yake, kulikuwa na kivuli cha mtu aliyeinua viwiko. Nilikiona nilipoiskani nikakiacha. Mjomba aliishika picha kwa kingo, kama alivyonifundisha kushika negativu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Nilikuwa na kofia ile siku," akasema.